Staa Kahojiwa Laivu, Mama Yake Kakosa Kumuona: Nani Aliwaambia Watu Chaneli za Bure Zinalipiwa?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye pale Dodoma mjini ukimtaja tu watu wanakuonyesha kwao kwa kidole. Kwao ni kijiji kimoja wilayani Chamwino. Ngoma iliyomtoa ina mlio wa muheme ndani yake, na muheme huo haukutengenezwa kwenye kompyuta. Ni mikono ya mama yake mzazi na wanawake wenzake wa kijijini, waliorekodiwa kwa simu wakiwa shereheni.

Sasa stori iliyozagaa wiki hizi ni hii. Jamaa aliitwa kuhojiwa laivu, saa tatu usiku, kwenye chaneli moja ya hapa nyumbani ambayo ni ya bure. Siku moja kabla, akampigia mama.

"Shikamoo mama. Kesho saa tatu usiku usilale, nitakuwa kwenye TV. Nitawataja wewe na wenzako wote kwa majina."

"Marahaba mwanangu. Hatulali."

Kesho yake usiku jamaa akatimiza ahadi. Akawataja wanawake wa muheme mmoja mmoja, mtangazaji akafuta machozi, mitandaoni kukawaka. Asubuhi akapiga simu tena.

"Mama, uliniona?"

"Nilikuona mwanangu. Ulipendeza sana."

"Nilivaa nguo ya rangi gani?"

Kimya. Halafu mama akasema, "Ile yako nzuri."

Ukweli ukaja kutolewa na mdogo wake staa. King'amuzi ambacho kaka mtu alimnunulia mama mwaka jana kilikuwa kimeishiwa kifurushi muda mrefu. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi ya kumtaka alipie, basi. Mama akamwita kijana anayejulikana pale senta kama fundi. Kijana akaangalia kioo, hata rimoti hakuigusa, akasema, "Mama mkubwa, hapa hamna namna mpaka ulipie." Mama hakutaka kumsumbua mwanae, maana mwezi huohuo alishatuma hela ya mbegu. Akajitanda khanga, akaenda na wenzake wawili hadi banda umiza. Huko kulikuwa na mpira, na wenye banda hawakuwa tayari kuwabadilishia vijana sitini chaneli kwa ajili ya kina mama watatu. Wakarudi kulala.

Siku chache baadaye binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, akashika ile rimoti na kuanza kubonyeza. Kumbe king'amuzi kilikuwa kimeachwa kwenye chaneli ya tamthilia, ambayo ndiyo ya kulipia. Chaneli ya tatu aliyojaribu ikafunguka yenyewe. Ilikuwa ileile iliyomhoji mtoto wa mama. Haikudai hata senti.

Mtandao umemshambulia asiyehusika

Stori ilipovuja, komenti zilijaa. Upande mmoja unamcheka mama wa watu. Upande wa pili unamvaa staa: eti hela ya viatu anayo, hela ya kifurushi cha mama hana.

Pande zote mbili zimekosea. Mama hakuhitaji kifurushi. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba chaneli ile hailipiwi. Na mtu huyo hakuwepo, si kijijini, si dukani kilikonunuliwa king'amuzi, si kwenye chaneli yenyewe. Hiyo ndiyo ishu ya kujadili, kwa sababu mama wa staa hayuko peke yake. Nenda Nkuhungu, nenda Chang'ombe, nenda Kibaigwa, utakuta TV zimefunikwa vitambaa kana kwamba zimeharibika, wakati zina uwezo wa kuonyesha taarifa ya habari usiku huohuo.

Ahadi ya mwaka 2013

Wengi wanaosoma hapa walikuwa shule ya msingi mitambo ya analojia ilipozimwa Dodoma. Ilikuwa tarehe 31 Januari 2013, mwezi mmoja tu baada ya Dar es Salaam iliyozimiwa 31 Desemba 2012. Dodoma ilienda siku moja na Tanga, kisha zikafuata Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Nchi nyingi zilikuwa zimejiwekea mpaka 17 Juni 2015 kwa makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, lakini Tanzania ikaamua isisubiri.

Kabla ya hapo TV ilikuwa antena juu ya mti mrefu, mtoto mmoja nje anaizungusha na mwingine ndani anapiga kelele "hapo hapo, acha!" Chenga zilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa anadaiwa kitu. Baada ya hapo kila TV ya zamani ikahitaji king'amuzi. Watu walilalamika sana kuhusu bei, na walikuwa na haki.

Ila kulikuwa na ahadi ndani yake. Kampuni zilizopewa leseni ya kubeba mawimbi ya antena, zile zilizoleta StarTimes, Ting na Continental, zilitakiwa kubeba chaneli tano za kitaifa bila kumtoza mtazamaji ada ya mwezi: TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV. Unanunua king'amuzi mara moja, unaweka antena, basi. Kifurushi kikiisha, tamthilia za Kikorea na mpira wa Ulaya vinaondoka, chaneli hizo zinabaki. Haikuwa promosheni ya sikukuu wala huruma ya kampuni. Lilikuwa sharti la leseni.

Sasa jiulize, ni duka gani linamwambia mteja hivyo? Muuzaji ataeleza kifurushi cha wiki, kifurushi cha mwezi na kile cha juu chenye mechi zote. Neno "bure" halimwingizii kamisheni, kwa hiyo halitamki. Na kioo chenyewe kikifika chaneli ya kulipia kinaandika kwa herufi kubwa kwamba ulipie, ila hakiandiki chini yake kwamba ukibonyeza namba fulani utaona habari bila kulipa. Mtu asiyejua atasoma lile la kwanza na kuzima.

Rimoti mbili mezani

Mjini nako hakuko salama. Kuna dada mmoja, mtumishi wa umma, aliyehamia Dodoma na wizara yake baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli makao makuu. Anakaa Ilazo, nyumba nzuri, dishi juu ya bati. Siku hizo alikuwa anawaambia wenzake kwamba antena ni ya watu wa vijijini.

Agosti 2018 ikafika. TCRA ikaamuru kampuni za kulipia zinazorusha kwa setilaiti, zikiwemo DStv, Zuku na Azam, ziache kubeba chaneli za ndani za bure. Hoja ya mamlaka ilikuwa kwamba leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia, na haiwezekani mwananchi alipe kifurushi ndipo aone chaneli ambayo kisheria ni ya bure. Kampuni nazo zikatii amri. Dada wa Ilazo akawasha TV jioni moja, akakuta ana chaneli za nusu dunia, ila hana taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya ITV.

Akafanya nini? Akashuka mjini kimyakimya, akanunua king'amuzi cha antena. Mpaka leo mezani kwake kuna rimoti mbili, na wageni wakija anaficha moja. Kanuni na leseni zimeendelea kubadilika tangu hapo, lakini somo la mwaka ule halijabadilika: king'amuzi cha dishi na king'amuzi cha antena havikuja na masharti sawa. Anayenunua bila kuuliza, ananunua gizani.

Milima haijali followers

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Dar hawalijui. Mawimbi ya TV ya antena yanasafiri karibu kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye mnara. Nyanda za juu za kati ukiziangalia haraka unaona tambarare, ila zimejaa vilima vya mawe, na kila kilima kina kivuli chake. Mpwapwa imekaa chini ya milima ya Kiboriani. Kondoa ni mabonde na miinuko. Nyumba mbili zinaweza kupishana mita mia tatu, moja ikapata chaneli zote na nyingine isipate hata moja.

Na dijitali haina huruma ya analojia. Zamani mawimbi yakiwa hafifu ulipata chenga, lakini sauti ilisikika na sura ya msomaji wa habari uliibahatisha. Dijitali inapokea au haipokei. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani picha inakatika vipande vipande kama vigae, inaganda, halafu kinabaki kioo cheusi. Mtu akiona hivyo anadhani ni kifurushi. Analipia. Bado giza. Anaita fundi, fundi anasema king'amuzi kimekufa, nunua kingine. Kumbe upepo wa Dodoma, ule wa mwezi wa saba na wa nane unaokausha midomo, umeigeuza antena ikaangalia upande usio na mnara.

Kabla ya kutoa hela, mambo ya kuangalia ni machache. Kwanza, ubadilishe chaneli. Usihukumu king'amuzi kwa chaneli moja. Pili, uangalie antena imeelekea wapi ukilinganisha na ya jirani anayepata. Tatu, uangalie waya, hasa pale ulipounganishwa kwa kukunjwa na kufungwa plastiki. Nne, uingie kwenye menyu usake chaneli upya, kwa sababu chaneli zikihamishwa masafa king'amuzi hakitajua chenyewe. Pia TV nyingi mpya zina kipokezi cha DVB-T2 ndani kabisa, kwa hiyo chaneli ambayo mrushaji hajaifunga inaweza kuonekana kwa antena tu, bila king'amuzi. Hayo yote binti wa sekondari anayafanya kwa dakika kumi. Mama angejua tu aombe.

Wenye majina wanatuangusha

Sasa hapa ndipo watu wataminya midomo. Kuna mwanadada mmoja maarufu mitandaoni, jina kapuni naye, aliyewahi kuweka video akicheka nyumba moja ya Dodoma yenye antena juu ya mti. "Bado kuna watu wana hizi?" akauliza, na watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka machozi. Mwezi uleule akaingia kwenye kipindi cha chaneli ya bure kutangaza biashara yake ya nywele. Alidhani nani anamtazama? Ni haohao wa antena. Wateja wake wa Majengo na Sabasaba walimjulia huko.

Mtangazaji naye, yule aliyefuta machozi, alifunga kipindi kwa kusema "tufuate YouTube, tufuate Instagram". Hakusema hata mara moja, "na kwa wewe uliye kijijini, chaneli hii hulipii kitu, ukiona imefungwa uliza." Sekunde tano tu. Zingetosha.

Watu wanasema TV imekufa, siku hizi kila kitu ni mtandaoni. Hiyo ni kauli ya mwenye bando. Mahojiano ya saa moja kwa video yanakula mamia ya MB, na yanaangaliwa na mtu mmoja aliyeinama juu ya simu. TV ya bure inakula umeme kidogo, au betri ya sola, na inatazamwa na chumba kizima. Uliza wanafunzi wa UDOM waliopanga Ng'ong'ona: mwisho wa mwezi boom ikichelewa na bando likikata, chumba chenye TV na antena ndicho kinachojaa. Kule hakuna anayeuliza nani ana followers wangapi.

Na ile muheme haikupigwa na mtu mmoja. Mdogo wake staa alijaribu kumwonyesha mama kipande cha mahojiano kwenye simu. Mama aliangalia kidogo, akamrudishia. "Wenzangu wataonea wapi hapo?" Wanawake wale walitajwa kwa majina mbele ya nchi nzima, jambo ambalo halijawahi kuwatokea maishani, na hakuna hata mmoja aliyelisikia lilipokuwa linatokea. Kipande cha simu kilikuja baadaye, kidogo, mkononi mwa mtu mwingine. Hakiwezi kulipa usiku ule.

Ila bure ina mwenyewe

Haki itendeke pande zote. Bure kwa mtazamaji haina maana kwamba hakuna anayelipa. Studio ina umeme, watangazaji wana mishahara, na kubeba mawimbi hadi Dodoma kuna gharama yake. Vituo vinaishi kwa matangazo ya biashara. Kampuni ya ving'amuzi nayo inaishi kwa vifurushi, na hakuna ubaya mtu mwenye uwezo akilipia mechi anayoitaka. Anayesema kampuni zote zitoe kila kitu bure hajafikiria.

Lakini kuuza cha kulipia ni jambo moja, na kumwacha mtu aamini kwamba hata cha bure kinalipiwa ni jambo lingine. Muuzaji akinyamaza, kunyamaza kwake kunamwingizia hela. Hapo ndipo mamlaka inapotakiwa kuwa na sauti: boksi la king'amuzi liandikwe kwa Kiswahili kikubwa chaneli gani zinabaki kifurushi kikiisha, na kioo kinachosema lipia kiseme pia za bure ziko namba ngapi.

Wakenya walijifunza kwa njia ngumu. Februari 2015, nchi ilipohamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilikaa nje ya hewa kwa karibu wiki tatu kwa mzozo wa nani abebe mawimbi yao na kwa ving'amuzi vya nani. Zile wiki nchi nzima ilijua tofauti ya king'amuzi cha kununua mara moja na cha kulipia kila mwezi, maana ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Tanzania haikupata kishindo kama kile. Ilipata ukimya, na ukimya ndio ulioingia hadi sebuleni kwa mama Chamwino.

Karatasi juu ya rimoti

Staa, wanasema, alitaka kumaliza aibu kwa kutuma kifurushi cha mwaka mzima. Mama akakataa. Akamwambia hela hiyo aiongeze kwenye bati la jiko.

Binti wa jirani alikuwa ameshamaliza kazi. Alikata kipande cha daftari, akaandika kwa kalamu namba za chaneli zinazofunguka bila kulipa, akakibandika kwa gundi mgongoni mwa rimoti. Sasa saa mbili kasoro usiku wanawake wa muheme wanaanza kufika mmoja mmoja na viti vyao. Yule kijana wa senta aliyesema "hamna namna" naye alipita jioni moja, akasimama mlangoni, akaisoma ile karatasi, akaondoka bila kusema kitu. Kesho yake akaonekana nyumba ya pili, juu ya bati, anazungusha antena.

Karatasi moja ya daftari imefanya kazi ambayo duka, kampuni, kituo cha TV na staa mwenye mamilioni ya followers hawakuifanya. Kila mmoja wao angeweza kuifanya kwa sentensi moja.

Wadau, kwenu mkoani ikoje? Kifurushi kikiisha mama anabaki na chaneli, au TV inafunikwa kitambaa? Na wewe uliyeko mjini, mara ya mwisho kumpigia simu ukamwambia abonyeze namba ngapi ilikuwa lini? Komenti ziko wazi, tiririka.